Matairi Makubwa ya Kobe

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na kishindo cha boneti. Mama yake alikagua oili, akapangusa kijiti cha kupimia oili kwa kitambaa chake cha bluu, akaongeza maji, kisha akayazunguka matairi na kulipiga kila moja teke. Ndipo alipoita, "Wewe, chai inapoa."

Gari lake lilikuwa la milimani, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Zahanati ililikodi kumpeleka nesi na sanduku la chanjo vijiji vya juu, na njiani mama alimshusha bintiye shuleni. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Gari lilikuwa imara, ila matairi yake yalikuwa madogo, nao wanafunzi wakalibandika jina la Kobe. Likitokea langoni walijipanga kando na kupaza sauti, "Mpisheni Kobe, ana safari ndefu!" Chiriku alicheka nao usoni huku moyo unamchoma. Basi akaanza kumbembeleza mama anunue matairi makubwa kama ya magari ya wajenzi wa barabara. Asubuhi ombi, jioni ombi, mpaka mjomba, aliyefanya kazi kwa wajenzi hao, akaleta manne yaliyotumika kidogo, akayafunga mwenyewe Jumapili moja. Fundi wa gereji hakuulizwa. Mjomba alisema tairi ni tairi, mradi matundu ya boliti yakubaliane.

Jumatatu hakuna aliyecheka. Chiriku alishuka polepole ili aonekane vizuri.

Lakini gari lilibadilika tabia. Lilikuwa zito kuondoka, kama mtu aliyekatishwa usingizi. Kilima walichokipanda kwa gia ya tatu sasa kilitaka ya pili, injini inalalama, klachi inanuka kuungua. Breki nazo zilitaka kukanyagwa mapema kuliko zamani. Mama alinung'unika kwamba labda injini imezeeka.

Wiki hiyo mwalimu wa hisabati alimtaka kila mwanafunzi apime umbali kutoka nyumbani hadi shuleni. Kwa Chiriku kazi ilikuwa rahisi, kwani kando ya barabara yalisimama mawe meupe ya kilomita, nayo yalikuwa kumi kutoka kwao hadi shuleni. Hata hivyo alisoma pia namba za kwenye dashibodi zinazohesabu kilomita. Zilisema tisa. Kesho yake tena tisa. Zamani zilisema kumi kama mawe. Akajua kuna jambo, na akajua limekuja na matairi. Kama angesema, matairi yangefunguliwa. Akachukua kifutio, akaifuta tisa daftarini, akaandika kumi. Mdomo wake ukanyamaza.

Alhamisi walikuwa wanateremka kilima kabla ya shule. Mama alikuwa usukani, nesi ubavuni pake, Chiriku nyuma akilishikilia sanduku la chanjo. Daktari msimamizi wa zahanati aliwafuata kwa pikipiki. Sheria yake pale ilikuwa mwendo usizidi kilomita arobaini kwa saa. Ndama akakatiza barabara. Mama alikanyaga breki kwa nguvu zote, gari likaendelea, likaenda, likaingia mtaroni upande. Ndama alipona. Nesi alivimba paji la uso. Sanduku lilifunguka, chupa zikavunjika.

Daktari alisema pikipiki yake ilisoma karibu arobaini na tano. Mama akamjibu kwamba alikuwa ameutazama mshale wa mwendo na ulikuwa kwenye arobaini.

"Mama, usiongeze uongo juu ya kosa," daktari alisema. "Jumamosi nitatafuta dereva mwingine."

Jioni ile mama alikaa kibarazani, chakula hakukigusa. Nguo ilikuwa bado na tope la mtaroni.

"Niliuona mshale kwa macho yangu," alisema taratibu. "Au macho ndiyo yameanza kunidanganya, mwanangu? Kama ni hivyo, nisishike tena usukani."

Hapo Chiriku hakuweza kuvumilia. Alileta daftari, akamwonyesha pale karatasi ilipochubuka kwa kifutio, akaeleza yote huku analia. Mama hakumgombeza. Alipitisha kidole juu ya ile alama, akalifunga daftari, akasema kesho wataanzia gereji.

Asubuhi, gari likiwa limeshavutwa kutoka mtaroni, walikwenda kwa fundi, nesi na daktari wakaitwa. Fundi alichora kwa chaki sakafuni duara dogo na duara kubwa.

"Saa ya mwendo inahesabu mizunguko ya magurudumu tu," alisema. "Haijui kama umebadilisha tairi. Hili kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, kwa hiyo ukisoma arobaini unakimbia zaidi ya arobaini na nne. Na gia za gari hili zilikatwa kwa tairi dogo. Jaribu wewe kupanda kilima na viatu vya baba yako, uone. Breki nazo zina mzigo mkubwa zaidi. Anayetaka matairi haya abadilishe meno ya difu, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, na saa ipimwe upya. Dada, kwa kazi yako rudisha ya zamani."

Daktari aliendesha mwenyewe kutoka jiwe hadi jiwe, macho kwenye namba. Aliporudi alimwomba mama radhi mbele ya wote, akamrudishia kazi. Lakini alimwambia pia kwamba gari la kazi ya zahanati halibadilishwi kitu bila fundi kulikagua. Mama alikubali kosa hilo.

Jumamosi, matairi madogo yakiwa mahali pake, walipanda na chanjo mpya. Kina mama arobaini walikuwa wamengoja juani Alhamisi. Sasa walikuja ishirini na sita. Waliobaki walikuwa wa mbali, wamekata tamaa. Nesi aliandika majina kumi na manne kwenye karatasi.

Mama alimwita bintiye kando.

"Matairi tulikosea sote, mimi na mjomba wako mbele," alisema. "Ila ile tisa uliifuta peke yako. Ukiona jambo haliko sawa, liseme siku hiyo hiyo, hata kama utaaibika. Kuchekwa kunapita. Ukinyamaza, anayeumia ni mwingine asiyejua chochote."

Chiriku alijibu, "Ndiyo, mama." Kisha akaenda kwa nesi, akaomba ile karatasi, na wawili hao wakaanza kutembea kuelekea nyumba ya jina la kwanza.