Jina Chini ya Kigoda

Kila asubuhi, huko Msalato, Gideoni alikaa nje ya nyumba yake na kuchonga vigoda kwa tezo. Mkewe, Yudith, alivipiga msasa. Vilikuwa vizuri, lakini wanunuzi walikuwa adimu kama mvua ya Julai.

Ilikuwa miaka ya biashara ruksa. Dalali mmoja, Optatus, alikuja na maneno matamu.

"Wageni wanataka vya kale," alisema. "Kizike hiki kwenye samadi. Kikitoka, nitasema kina miaka mia!"

Yudith aliguna. "Baba Loisi, huo si uongo?"

"Watoto watakula nini?" Gideoni alijibu. Akakizika, na kilipotoka Optatus akakinunua.

Mwaka uliofuata alikwenda mjini kutazama maonyesho ya sanaa. Akakiona kigoda chake juu ya kitambaa cheupe! Alifurahi mno. Kando yake palikuwa na kadi. Gideoni alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma polepole: "Ki-go-da cha ka-le. M-cho-nga-ji ha-ju-li-ka-ni."

Furaha ikamwishia palepale. Hajulikani vipi, na yeye amesimama hapa na makubazi yake?

Alimwendea Aneth, afisa utamaduni aliyesimamia maonyesho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kigoda kile nimekichonga mimi."

"Wewe? Mwenyewe aliyetuazima aliambiwa ni cha kale sana."

Watu waligeuka. Akisema kweli, ataaibika. Akinyamaza, kazi yake itabaki bila jina. Gideoni alikinyooshea kidole kigoda.

"Kigeuze. Mguu mmoja ni mnene, mti ulikuwa na fundo. Nilikizika kwenye samadi ili kizeeke. Nilikosea."

Aneth alikigeuza. Fundo lilikuwepo. Hakumcheka.

"Mzee, wakati wa ukoloni vigoda na sanamu zetu nyingi zilipelekwa Ulaya. Mara nyingi hakuna aliyeuliza nani kachonga. Mpaka leo nyingi zimo kwenye makumbusho ya huko bila majina. Kazi tunaziona, wachongaji wamepotea."

"Hata cha baba yangu, Mazengo, alikichukua bwana shauri wa kikoloni," Gideoni alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi wewe usijipoteze. Andika jina, mahali na mwaka chini ya kila kazi. Na kipya kiitwe kipya."

Aneth akafuta maneno ya kadi, akampa Gideoni kalamu aandike mwenyewe.

Mwenye kigoda alikuja Msalato amefura kwa hasira. Gideoni alimwomba radhi, akamchongea kingine. Optatus naye alipoona majina chini ya vigoda, alinuna akaenda zake. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, maharage yalipikwa bila mafuta. Kisha watu waliosoma ile kadi wakaanza kufika, wakiuliza, "Kwa Gideoni ni wapi?"

Jioni moja Yudith alikigeuza kigoda kipya. Maandishi yalikuwa yamechomwa kwa msumari wa moto. Akasoma, "Gi-de-o-ni Ma-ze-ngo, M-sa-la-to," na mwaka.

Akamtazama mumewe. "Kumbe na baba mkwe umemwandika."

"Cha kwake hakikuandikwa," Gideoni alisema, na machozi yakamtoka.