Togwa ya Mama Joyness

Apolonia hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Mtaa mzima wa Kihesa ulijua. Mpenzi wa ulanzi, pombe ya mianzi, alikuwa mumewe, Sosthenes. Mvua zikianza na mianzi ikianza kutoa maji, mtu huyo nyumbani alikuwa mgeni.

Mwaka huu ulanzi ulimlaza hospitali. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano. Daktari alisema ini limeumia.

"Dawa atapata," alisema. "Ila pombe asiguse tena. Hata tone."

Apolonia alilishika neno hilo. Wiki ya kwanza alipeleka uji, na mgonjwa akapata nafuu. Wiki ya pili, shemeji yake Clement, mgema ulanzi, alimpa kidumu.

"Hii ni togwa, shemeji. Maji ya mianzi ya alfajiri hii, matamu. Hata watoto wanakunywa. Yatamrudishia nguvu."

Basi kila siku akapeleka uji na togwa. Ajabu, macho ya Sosthenes yakarudi kuwa ya njano.

Siku moja mchana, muuguzi Esnath alimsimamisha kando ya kitanda. "Mama Joyness, nani anamletea mgonjwa pombe?"

Apolonia alipandwa na hasira. "Pombe? Mimi? Sista, usinivunjie heshima! Miaka ishirini naimba kwaya, leo niitwe mleta pombe? Pekua kikapu. Pekua!"

Akakibwaga kikapu mezani. Siku hiyo togwa alikuwa ameimimina kwenye chupa ya plastiki na kukaza kifuniko, isimwagike kwenye bodaboda. Chupa ilikuwa imevimba. Esnath alipogusa tu kifuniko, paa! Kikaruka hadi darini. Povu likamwagika shukani, na wodi nzima ikanuka ulanzi.

"Loo! Hiyo kali!" alisema mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Lakini ni togwa," Apolonia alisema.

Esnath hakumcheka. "Mama, hata baba yangu aligema. Maji ya mianzi huanza kuchacha mle mle kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachoyakinga. Ndani yake mna chachu ya jana. Mpaka ufike hapa mchana, ni pombe. Utamu usikudanganye. Ini lililoumia halihimili."

Apolonia akamgeukia mumewe. Sosthenes alikuwa amejifunika shuka mpaka puani.

"Baba Joyness, umekunywa ulanzi miaka thelathini. Ulijua?"

Sosthenes akaivuta shuka mpaka machoni.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Yaani wewe! Nikuue kwa mikono yangu mwenyewe? Ningekuzika nikidhani nilikuwa nakuuguza!" Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira tupu.

"Nisamehe, mke wangu."

"Mwambie kwanza Sista yote uliyokunywa. Hapa hapa, nasikia."

Sosthenes akasema yote, siku baada ya siku. Esnath akamweleza daktari. Tangu hapo kikapu kilibeba uji, matunda na maji yaliyochemshwa. Jioni ile ile Apolonia alikwenda kwa Clement, na majirani walisikia kila neno.

Baada ya wiki tano, macho ya Sosthenes yalikuwa meupe. Akaruhusiwa kurudi nyumbani, na kliniki hakukosa.

Lakini Clement hakukoma. Asubuhi moja alikuja na kidumu. "Kaka, karibu. Togwa tu, haina neno."

Sosthenes alikipokea. Apolonia, aliyekuwa jikoni, akaacha kukoroga uji.

Sosthenes akamimina togwa kwenye chupa, akakaza kifuniko, akaiweka mezani. "Kaa, mdogo wangu. Tupige soga mpaka mchana."

Wakapiga soga. Jua lilipofika utosini, akamsogezea Clement chupa. "Kama ni togwa, fungua mwenyewe."

Clement akagusa kifuniko. Paa! Akaruka kitini, povu limemlowesha shati.

Jikoni, Apolonia hakushtuka hata kidogo. "Baba Joyness," aliita, "njoo unywe uji wako."