Nani Hataki Dokta Aimbe?

— Wilfred, ametuma tena!

Dokta Anastasia alisimama katikati ya sebule yake, Mbezi Beach, simu mkononi. Wilfred, mchumba wake, akaipokea simu na kusoma:

"UKIPANDA JUKWAANI JUMAMOSI HUSHUKI MZIMA."

Namba ileile ngeni.

— Mpenzi, achana na hilo onyesho. Tufunge ndoa yetu tutulie. Gitaa la nini kwa umri huu?

Anastasia alifundisha isimu chuo kikuu mpaka kichwa kikajaa mvi. Alipostaafu ndipo akaanza kuandika hadithi, kisha nyimbo, akijifunza na gitaa. Wilfred alikutana naye mazoezini Kinondoni, akawa ndiye wa kumbebea gitaa. Jumamosi angeimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

— Labda kweli niache, alinong'ona.

— Hayo ndiyo maneno. Kaoge upoe, mie nakuchemshia chai.

Ulikuwa mchana kweupe, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo na mapazia yameshushwa. Alioga, akavaa dera jipya la zambarau, akarudi sebuleni. Wilfred alimchungulia, akatabasamu, akarudi jikoni.

Meseji ikaingia.

"ZAMBARAU IMEKUPENDEZA. HATA SANDA ITAKUPENDEZA."

Akampigia binti yake, Hope, aliyekuwa Temeke.

— Mama, mbona unalia?

— Ananiona! Amejua hadi rangi ya dera langu!

— Umetoka nalo nje?

— Wapi! Nimelivaa sasa hivi, na mapazia nimefunga yote.

— Humo ndani uko na nani?

— Wilfred tu.

Anastasia akageuka taratibu. Jikoni, kijiko kilikuwa kinakoroga chai.

— Mama, toka nje. Sasa hivi. Usikate simu.

Alivuta komeo. Likagoma. Akalivuta tena.

— Unakwenda wapi, mpenzi?

Wilfred alikuwa nyuma yake, kikombe mkononi.

Komeo likaachia. Anastasia akatokea barazani mbio, ndipo akageuka.

— Ni wewe.

— Mie nini?

— Sanda, Wilfred? Mie nivae sanda?

Wilfred akatazama chini.

— Haki ya Mungu nisingekugusa. Niliogopa, Ana. Ukiimba unakuwa kama hunioni. Watu wakishakujua, mie nitabaki nani kwako?

— Silali kwa hofu! Na wewe umenishika mkono unaniambia pole!

— Nisamehe.

Anastasia alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya ukuta mfupi wa baraza.

— Chukua, uondoke. Hope amesikia yote.

Jumamosi alipanda jukwaani, Hope akiwa mstari wa mbele. Hofu ilikuwa bado imemkaa. Kila mlango wa ukumbi ulipofunguliwa, alitupa macho huko. Katikati ya ubeti wa kwanza vidole vikapotea kwenye nyuzi. Akasimama.

— Mnisamehe, aliwaambia. Naogopa. Ngojeni nianze upya.

Akaanza upya, na safari hii hakusimama mpaka wimbo ulipokwisha.