Mguu Mmoja kwa Kila Kuku

Kuku wa kwanza alikutwa amekaa chini ya bomba saa saba mchana, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mtu aliyesimamishwa katikati ya hatua. Fundi alimsukuma kwa ncha ya kandambili. Kuku alipiga mabawa, akazunguka palepale, akatulia. Macho yake yalikuwa maangavu. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametaga.

Wenzake wanane walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, kimya, wote wakitazama upande mmoja. Upande huo hapakuwa na kitu.

Fundi alikuwa mshonaji. Alishonea barazani sare za shule na mapazia, kwa cherehani ya kukanyaga, na kuku wa uani walikuwa wake. Nyumba ilikuwa na watu watatu: yeye, mama yake, na mdogo wake wa kiume, fundi wa kupaua ambaye mtaa mzima ulimwita Kenchi. Miezi mitano nyuma, Kenchi alianguka kutoka juu ya paa la ghala. Tangu siku hiyo alikuwa hana habari na miguu yake. Mkewe alirudi kwao na watoto wanne, akisema ni mpaka apone. Fundi ndiye aliyembeba kwenda kuoga, kama alivyombeba mgongoni alipokuwa mtoto.

"Huyo kuku wako anaringa," Kenchi alisema kutoka kitandani. Dirisha lake lilitazama uani. "Ameona mimi nashinda nimelala, naye anataka."

"Nyamaza wewe. Mvivu mmoja nyumba nzima anatosha."

Wakacheka. Jioni hiyo Kenchi alipiga ukelele. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimejikunja chenyewe.

Siku ya pili akaanguka kuku wa pili, na siku ya tatu wa tatu, saa ile ile. Fundi alifanya ambalo mfugaji yeyote angefanya. Alimwaga pumba zote, akanunua nyingine. Alichemsha vyombo vya maji, akabadilisha maranda, akawapa vitamini, akawatenga walioanguka. Alimuuliza mama yake kama alipulizia dawa ya mende.

"Mimi na kuku wako wapi na wapi?" mama alisema bila kugeuka.

Siku ya nne akaanguka wa nne, na bwana mifugo akaja na pikipiki. Aliuliza umri, chanjo, kinyesi. Alimwinua kuku, akamwachia, akamtazama anavyotua.

"Ningesema mahepe," alisema. "Ule ugonjwa unavimbisha mishipa ya fahamu, kuku anakaa hivi hivi, mguu mbele mguu nyuma. Lakini hawa wamechanjwa. Na mahepe hayaangalii saa."

"Sumu je?"

"Sumu ingelegeza na shingo. Niruhusu nichinje mmoja."

Alimpasua paja juu ya gunia, akatenganisha nyama kwa kidole. Alitazama muda mrefu. Akapasua mguu wa pili, akamwonyesha Fundi mshipa wa fahamu, mweupe, mnene kama uzi wa kushonea viatu. Kisha akarudi kwenye mguu wa kwanza. Njia ya mshipa ilikuwepo, mshipa haukuwepo. Hapakuwa na damu wala kovu.

"Umefumuliwa," Fundi alisema. Kazi hiyo aliijua. "Ukivuta uzi taratibu, kitambaa kinabaki na njia yake."

Bwana mifugo alinawa mikono mara tatu. "Dada, mimi nimesomea kuku. Hiki hatukufundishwa." Alipoinua kichwa aliona dirisha. Kenchi alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika nondo. "Yule si ndiye niliambiwa hatembei?"

"Ameanza kupata nafuu."

"Tangu lini?"

Fundi aligeuka, akawahesabu kuku walioanguka.

Siku ya tano aliacha cherehani barazani na kujificha nyuma ya mlango wa jiko. Kwanza ilikuja harufu, manyoya mabichi yaliyoguswa na pasi ya moto. Kisha kelele za mtaani zikakatika, mpaka akasikia tone la bomba likigonga saruji. Kisha kikaja kivuli, na hapo ndipo Fundi alipoacha kupumua, kwa sababu jua lilikuwa utosini na kila kitu uani, ndoo, nguzo, kamba ya nguo, kilikuwa kimekalia kivuli chake, lakini kivuli hiki kilikuwa kirefu, kimelala kutoka nyuma ya banda mpaka chini ya dirisha la Kenchi, bila mwenyewe, na kilipopita juu ya kuku wa tano kuku yule aliinua mguu mmoja kana kwamba kuna anayeuvuta, akaukaza, akaurudisha nyuma yake na kuuacha huko, na papo hapo chumbani kwa Kenchi zikasikika kucha zikiparua sakafu, mara moja, mara mbili, kisha kicheko cha Kenchi mwenyewe, kicheko cha mtu anayetekenywa.

Upande wa pili wa ua alisimama mama, beseni tupu mkononi. Alikuwa anakitazama kile kivuli kama mtu anayemsimamia kibarua wake.

Fundi hakumuuliza siku hiyo, wala iliyofuata. Kuna swali ambalo mtu huliahirisha kwa kuwa jibu analo. Kila asubuhi Kenchi alimuuliza kutoka dirishani, "Wamebaki wangapi, dada?" naye alidhani anamwonea huruma.

Siku ya nane Kenchi alitembea mpaka getini. Majirani walimpigia makofi. Fundi peke yake ndiye aliyetazama miguu: Kenchi aliinyanyua juu mno, vidole vikajikunja hewani, vikafunguka kabla tu ya kugusa ardhi.

Siku ya tisa akaanguka kuku wa mwisho. Fundi alimkuta mama jikoni, anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, miguu ya kuku wangu inakwenda wapi?"

"Ulishaona. Ungeniuliza siku ile ile."

"Nakuuliza leo."

Mama alitupa chuya. "Alikuja mwenyewe. Nilikuwa namwaga maji aliyoogea mwanangu nyuma ya banda, adhuhuri, nalia. Akaniuliza nalia nini. Mtu hata mmoja katika mtaa huu hajawahi kuniuliza."

"Sasa kuku wamekwisha."

"Kuku ni rehani tu. Akipata mguu wa mtu, ya kuku atairudisha."

"Mtu gani, mama?"

Ungo ulisimama. "Kenchi ana watoto wanne. Wewe huna mume, huna mtoto, na kazi yako ni ya kukaa." Kisha, kwa sauti ya chini, "Usinitazame hivyo. Nimekupigania. Alitaka yote miwili. Nikamwambia hapana, huyu ni mwanangu, ana cherehani yake. Mmoja unatosha kukanyagia."

Alisema hivyo kama mtu anayengoja kushukuriwa.

"Kenchi anajua?"

"Kenchi ni mgonjwa. Asisumbuliwe."

Fundi alilishika neno hilo. Alilala nalo. Kumbe mdogo wake hajui; akijua atakataa.

Kesho yake, mganga aliyeitwa na Fundi alifika saa tano asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea, na alikataa maji na kiti. Alizunguka banda, akanusa nguzo zake moja moja, akawaita wote watatu sebuleni.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Amekaribishwa. Mimi siwezi kumtoa mgeni wa mtu. Aliyemwita ndiye wa kumfukuza, au aliyepewa arudishe. Mmoja wa hao wawili aseme 'sitaki' mara tatu kabla ya saa saba, ataondoka. Na kila mguu utarudi kwa mwenyewe."

"Nikihama?" Fundi aliuliza.

"Umetajwa kwa jina. Utahama naye."

Wakamgeukia mama.

"Nitasemaje sitaki," mama alinong'ona, "na mwanangu anatembea?"

"Na mimi ni mwana wa nani?"

Mama alifunika uso kwa mikono. Fundi alingoja. Mikono haikutoka. Ndipo akapiga magoti mbele ya Kenchi.

"Mdogo wangu, ulikuwa hujui. Sasa umejua."

Kenchi hakuuliza kujua nini. Alitazama saa ya ukutani, akatazama miguu yake.

"Sitaki," alisema.

Mganga aliinua kidole kimoja. Fundi alisikia machozi yakimshuka, akayaacha.

"Sitaki."

Vidole viwili. Harufu ya manyoya iliingia kupitia dirishani. Mtaa ukanyamaza wote kwa mpigo, watoto, redio, nyundo ya fundi bati wa nyumba ya tatu, na katika ukimya ule kitu kikaanza kuparua ukuta kwa nje, taratibu, kikifuata ukuta kuelekea mlangoni.

"Tena," mganga alisema. "Haraka."

Kenchi alichezesha vidole vya miguu, vyote kumi. "Dada, unajua nimekojoa kitandani miezi mingapi?"

"Najua. Nilikuwa nafua mimi."

"Basi unajua."

Akafunga mdomo.

Walimbembeleza wote wawili, Fundi na mganga, mpaka sauti zikawakauka, na Kenchi alikuwa ameuma midomo kama mtoto anayekataa dawa, huku kule kuparua kukipita chini ya dirisha, kukapita kona, kukasimama nyuma ya mlango, na mama alikuwa bado amefunika uso, lakini kati ya vidole vyake Fundi aliona jicho moja, na jicho lile halikuwa linamtazama yeye, lilikuwa linatazama saa.

Mganga alichukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa uani. Hakuaga.

Ilipofika saa saba, kuparua kulikoma. Harufu ilikata. Bandani yakasikika mabawa mengi kwa wakati mmoja. Kuku wanane walisimama, wakajikung'uta vumbi, wakatoka mmoja mmoja kwenda kunywa maji.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti. Hakujaribu kuinuka.

Kenchi alisimama. Alivuka sebule kwa hatua za kawaida kabisa, hatua za binadamu, akavuta kiti akakileta karibu na dada yake, akamshika chini ya kwapa.

"Kaa hapa, dada," alisema kwa upole. "Usije ukaanguka."