Mashimo ya Nyumba ya Kaltuma

Mimi ni Qabale, mama ya Talaso. Mambo haya yalitupata hapa Isiolo mwaka wa 1985, baada ya ile njaa ambayo tulipewa msaada wa mahindi ya manjano. Nayaeleza ili mama mwingine asifanye kama mimi.

Ng'ombe wetu waliisha kwa ukame kule Korbesa. Mume wangu Denge na mimi tulikuja mjini na mtoto mmoja na mbuzi watatu. Tulipata mahali pembeni ya mtaa wa Chechelesi, juu kwenye mawe. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayekunja miti, anayefunga mikeka, na anayeamua mlango utazame wapi. Basi nikajenga. Lakini miti yangu haikuingia vizuri kwenye mawe, na upepo ulipovuma nyumba yote ililia.

Kila asubuhi niliteremka na mtungi mgongoni mpaka kwenye laga. Laga ni mto wa mchanga. Siku nyingi hauna maji juu. Maji yako chini, na sisi wanawake tunachimba kisima kwenye mchanga ili kuyapata. Kwenda na kurudi, jua lilikuwa tayari kali.

Chini pale, ukingoni mwa laga, palikuwa na nyumba ya Kaltuma.

Kaltuma alikuwa na kivuli cha migunga. Alikuwa na kisima hatua kumi kutoka mlangoni. Mbuzi wake walikula nyasi na maganda ya migunga siku nzima. Mmoja alikuwa mweupe, na kiwele chake kilikaribia kugusa chini. Tena Kaltuma aliimba akiteka maji. Mimi nilipanda mlima nikihema, na wimbo wake ukinifuata mgongoni.

Jioni moja Denge alikunywa chai yangu, akasema, "Leo nilipita kwa kina Kaltuma. Chai yao ina maziwa, wallahi. Mpaka inakuwa nyeupe."

"Kwani hii ni ya rangi gani?"

"Hii ni maji ya moto, mama Talaso."

Alicheka. Mimi sikucheka. Usiku ule nilimhesabia Kaltuma kila kitu: kivuli, kisima, mbuzi mweupe, chai. Nikajiambia, huyu mwanamke amekalia bahati yangu.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu nilishuka kuteka maji, nikamkuta Kaltuma anafungua mikeka yake.

"Salaam aleikum, mama Talaso."

"Aleikum salaam. Unahama?"

"Napanda juu, karibu na ile njia ya lori. Mvua imeanza kupiga upande wa Meru. Hapa ni mahali pa kiangazi tu."

Nilitazama mbingu. Ilikuwa safi. Mbali sana, upande wa milima, kulikuwa na wingu moja jeusi.

"Hapa kwetu haijanyesha," nikasema.

"Haihitaji kunyesha hapa. Unaona zile nyasi juu ya mti?"

Nilitazama. Kwenye matawi ya mgunga, juu ya kichwa cha mtu mrefu, kulikuwa na mafungu ya nyasi kavu na vijiti. Nilikuwa nimeyaona siku nyingi. Nilidhani Kaltuma anaficha chakula cha mbuzi wake ili mbuzi wetu wasikifikie.

"Ni maji yaliyozileta hapo," alisema. "Maji yalifika pale juu."

Moyoni nilisema, anaongopa. Anataka mahali pake pakae wazi mpaka arudi.

Siku hiyo hiyo nilibomoa nyumba yangu. Denge alikuwa anajiandaa kwenda upande wa Merti kuchunga ng'ombe wa tajiri mmoja. Alikuna kichwa.

"Kaltuma ametoka, wewe unaingia?"

"Nyumba ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi."

Nilifika ukingoni na miti yangu. Mashimo ya nyumba ya Kaltuma yalikuwa bado wazi. Nikaingiza miti yangu humo humo. Iliingia kwa urahisi kama mguu kwenye kiatu. Nilifurahi sana. Hata niliimba, tena kwa sauti, ili nisikike mpaka juu.

Kaltuma alishuka kesho yake.

"Mama Talaso, toka hapa. Nakuomba."

"Wewe ulikaa hapa kiangazi chote. Mimi nikikaa siku mbili unaumwa?"

"Siumwi. Naogopa."

"Unaogopa chai yangu itakuwa nyeupe."

Aliniangalia kidogo, kisha akaenda zake. Nikajiambia, sasa wivu umehamia kwake.

Wiki tatu nilikaa kama bibi harusi. Mbuzi wangu walinenepa. Maziwa yalizidi, nikaanza kuyapeleka kwenye hoteli moja ya chai mjini. Kitu kimoja tu kilininyima usingizi, nacho ni kisima. Nilikuwa nimekichimba karibu na mlango, kirefu mpaka kifuani mwangu. Talaso alikuwa na miaka miwili na alipenda kuchungulia ndani. Niliogopa atatumbukia. Kwa hiyo nikitoka, nilimfunga kamba ya mbuzi kwenye mguu, na kamba kwenye mti wa katikati ya nyumba. Nilifunga fundo la mbuzi, lile ambalo mnyama akivuta linazidi kukaza. Nilijiona mama mwenye akili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Hakukuwa na mvua kwa siku nne. Mbuzi wangu walikuwa wameenda malishoni juu pamoja na wa majirani. Nilimfunga Talaso, nikampa kikombe cha maziwa, nikachukua mengine kwenda kuuza. Jua lilikuwa linachoma.

Pale hotelini nilikuwa bado namimina maziwa niliposikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Kobia, Mmeru mmoja mfanyakazi wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kusoma nguzo yenye namba za kupimia kimo cha maji, kule mto unakotokea. Alikuwa amelowa jasho.

"Maji inakuja!" alipiga kelele. "Nguzo imezama! Watu watoke kwa laga!"

Mwanamume mmoja aliyekuwa anakunywa chai alicheka. "Kobia, umekunywa nini? Angalia jua."

Mimi pia nilisema, "Mvua iko wapi?"

"Ilinyesha Meru usiku, mama. Maji inatembea. Haiangalii jua ya Isiolo." Kisha akaniuliza, "Si ni wewe umejenga pale Kaltuma alitoka? Watoto wako wapi?"

Niliangusha chombo cha maziwa, kile alichonisukia mama yangu kwa nyuzi za mizizi, nikakimbia.

Niliusikia mto kabla ya kuuona. Ulinguruma kama malori mengi yanayopanda kilima pamoja. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa, na juu yangu jua bado linawaka. Nilipofika, laga haikuwepo. Palikuwa na maji mekundu, mazito, yamebeba miti mizima. Nyumba yangu ilikuwa imelala upande. Nikaona mikeka ikiinuka, ikageuka mara moja, ikaenda. Mti wa katikati ukaenda nayo.

Nililiita jina la mtoto wangu mpaka sauti ikakatika. Nilianza kuingia majini.

"Qabale! Rudi! Rudi, wewe! Yuko huku!"

Kaltuma alikuwa amekaa kwenye mawe upande wa juu, nguo zake zimejaa matope. Talaso alikuwa shingoni mwake, amemshika nywele. Kwenye mguu wa mtoto kamba bado ilining'inia, kipande kifupi, kimekatwa.

Nilimchukua mwanangu.

"Maji ya kisima yaligeuka rangi tangu asubuhi," Kaltuma alisema akihema. "Nilishuka kutoa mbuzi wangu. Walikuwa wameteremka kwenye laga. Nikasikia mtoto analia ndani. Nilidhani nitambeba tu, halafu nikimbize mbuzi. Nikavuta, hatoki. Kamba!" Alinionyesha vidole vyake. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika. "Fundo halikufunguka. Ikabidi nirudi nje kuchukua panga langu la kukatia matawi. Maji yalikuwa hapa." Aligusa goti.

Kisha akauliza polepole, "Kwa nini ulimfunga?"

"Niliogopa kisima."

Aligeuka akatazama maji. Nami nikatazama nyuma yake, nikitafuta mbuzi. Waliosimama pale walikuwa wawili. Wengine watatu hawakuwepo.

"Yule mweupe yuko wapi?"

Kaltuma alielekeza mdomo kwenye maji.

Siku ngapi nilikuwa nimemtamani mbuzi yule! Siku ngapi nilitaka Kaltuma asiwe naye! Sasa hakuwa naye. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, na ni yeye aliyenifunika mgongo na shuka.

Kesho yake Kobia alikuja na baiskeli yake. Maji yalikuwa yameshuka. Alitutembeza, wanawake wote wa pale, kwenye ukingo.

"Mama, hii mto ina kichwa na mkia," alisema. "Kichwa iko kwa milima. Nyinyi mko kwa mkia. Mvua ikipiga kichwa, mkia hauna habari. Inachukua saa kadhaa, halafu inafika yote mara moja."

"Sasa tutajuaje?" nikauliza.

"Kaltuma alijuaje?"

Kaltuma alijibu mwenyewe. "Naangalia milima kila jioni. Wingu likilala kule, silali huku. Naangalia kisima. Maji yakipanda au yakiwa mekundu bila mvua, natoka. Nikiona povu na vijiti vinakuja kwenye mchanga, sirudi kuchukua hata sufuria."

"Na nyasi kwa mti?" Kobia aliuliza.

"Mahali zimeshikwa, ndipo maji yalifika. Jenga juu zaidi ya hapo."

Kobia alitikisa kichwa kukubali. Akaongeza kwamba mtu asivuke maji yanayokimbia, hata kama yanafika kwenye magoti tu, kwa sababu yanasomba miguu na mchanga wenyewe unaondoka. Na mtoto asiachwe peke yake karibu na laga, amefungwa au hajafungwa. "Kisima unafunika na miiba," alisema, bila kunitazama. "Mtoto unampa jirani."

Nilimwelewa. Jirani niliyepaswa kumpa nilikuwa simsalimii tena.

Denge aliporudi alinikuta najenga kwenye mawe, upande wa juu wa nyumba mpya ya Kaltuma. Alisikia habari yote kutoka kwa watu kabla ya kufika. Alimbeba Talaso muda mrefu. Kisha akaenda mwenyewe kuchukua mbuzi wetu mwenye maziwa mengi, akampelekea Kaltuma. Mimi ndiye niliyeshika kamba tukienda. Nikisema kweli, mbuzi yule alinenepa kwa Kaltuma kuliko alivyonenepa kwangu, na roho yangu iliniuma kidogo. Lakini niliimeza.

Tulipanga mawe kwenye ukingo wote, kwa kufuata zile nyasi za kwenye miti. Kobia alileta chokaa tukayapaka meupe. Tulikubaliana kwamba chini ya mawe meupe mtu anateka maji na kuchunga, lakini halali. Kila jioni mmoja wetu anatazama milima. Kobia akisoma nguzo na kuona imepanda, anapuliza filimbi mara tatu njia nzima.

Mwezi wa kumi alikuja mwanamke mgeni, Mturkana, jina lake Akaale. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mbuzi wawili waliokonda. Asubuhi nikamwona chini ya mawe meupe. Alikuwa ameshasimamisha miti yake. Nilishuka mbio. Miti ilikuwa imesimama mle mle, kwenye mashimo ya Kaltuma, ambayo mafuriko hayakuyafukia yote.

"Habari, dada," nikasema. "Hapa hapakaliwi."

"Ni pako?"

"Si pangu."

"Basi niache. Maji iko karibu, kivuli iko. Wewe unakaa kwa mawe kule juu, sasa unanionea wivu."

Nilitaka kukasirika. Lakini maneno yale niliyafahamu. Yalikuwa yangu mwenyewe.

Kile kipande cha kamba nilikuwa nacho kiunoni. Nilikifunga hapo tangu siku ile. Nikakifungua, nikamwekea mkononi.

"Wivu ninaujua," nikamwambia. "Nilimwonea mwenye mashimo haya, nikaingiza miti yangu humo kama wewe. Maji yalipokuja, hii ilikuwa kwenye mguu wa mtoto wangu. Unaona hapa? Hapa ndipo panga lilipopita. Lingechelewa kidogo, ningebaki bila mtoto."

Akaale aliigeuza kamba. Alitazama nyasi juu ya mti, ambazo sasa nilimwonyesha kwa kidole, nikisema maji yalifika pale. Akamrekebisha mtoto mgongoni.

Kisha akashika mti wa kwanza, akaung'oa. Mimi nikang'oa wa pili. Kaltuma alituona kutoka juu, akashuka akitembea taratibu, na nyuma yake Talaso akibeba jiwe la ukubwa wa ngumi.

Yale mashimo tuliyajaza mawe, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.

Siku ya tisa baada ya hapo filimbi ya Kobia ililia mara tatu. Maji yalipita juu ya mashimo yale, mekundu, yakinguruma, na jua likiwaka. Sisi tulikuwa upande wa juu wa mawe meupe, tukihesabu watoto. Tulihesabu mara mbili. Walikuwepo wote. Akaale alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama wangu.