Ndege wa Shaba wa Ruphin

Mume wangu Ruphin alifariki Jumatano moja ya Juni 2016, hapa Bertrams, mtaa tulikohamia kusini mwa Afrika. Asubuhi alikunywa chai, akasema koti la mteja litakuwa tayari saa nane. Kabla ya saa nne moyo ulisimama. Koti nililimalizia mimi.

Tulimzika vizuri, lakini bila jiwe. Kaburini palikuwa na kibati chenye namba tu. Nilitaka jina lake lisomeke, na sikuwa na uwezo.

Mwaka uliofuata, nikipanga vifungo vyake, nilikuta sarafu ndogo nyeusi yenye ndege aliyebeba tawi. Ruphin alipewa na mteja mzee, Mgriqua, mtu wa kabila la huku, kama shukrani ya suti ya harusi.

Shemeji yangu Placide aliigeuzageuza. "Ni shaba hii. Kuna mtu sokoni atainunua, lakini si ikiwa chafu hivi. Isugue kwanza."

Sisi ni watu wa Lubumbashi. Kwetu picha za shaba hutundikwa ukutani, na shaba isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba. Nilichukua ndimu na majivu. Nikaanza na bawa la ndege.

Mara akaingia Mwatumu, jirani yetu kutoka Tanga, kuchukua gauni lake. Yeye hufanya usafi kwenye jumba la makumbusho. Alinishika mkono.

"Mama Arlène, weka chini hiyo ndimu. Unakwangua bei yake."

Placide alicheka. "Dada, wewe unafagia makumbusho. Uprofesa umeupata lini?"

"Siku nilipong'arisha kitasa cha miaka mia, shemeji. Nusura nifukuzwe. Tangu hapo nauliza kabla ya kugusa."

Akakaa, akatueleza. "Weusi huu si uchafu. Ni ngozi ya shaba, imeota kwa miaka mingi. Ukiitoa hairudi. Shika sarafu ukingoni, ifunge kwa karatasi laini. Usimuuzie mtu wa kwanza. Peleka kwa wajuzi wawili, na usiiache kwa mtu bila risiti."

"Na kama ni ya bandia?" Placide akauliza.

"Mtajua. Za kuiga ni nyingi."

Tulikwenda Randburg kwa mama mmoja mjuzi wa sarafu. Binti yangu Arlène alitutafsiria. Yule mama aliipima uzito, akaitazama kwa lenzi muda mrefu.

"Wamisionari wa London waliagiza sarafu hizi kwa ajili ya Wagriqua, miaka kama mia mbili iliyopita," alisema. "Hii ni ya kweli. Lakini nani alisugua bawa?"

"Mimi."

"Ungemaliza, ungerudi nyumbani na kipande cha shaba tu."

Mjuzi wa pili alikubali kuwa ni ya kweli, akaandika hivyo na kutia sahihi. Mwaka 2018 sarafu iliuzwa mnadani. Watu wawili waliigombea mpaka mmoja akachoka. Placide alisimama katikati ya ukumbi akapiga makofi peke yake, wala hakuona haya.

Fedha zilitosha jiwe, zikabaki za cherehani mpya. Siku ya kuweka jiwe kwaya yetu iliimba, na Mwatumu alitaka kusimama nyuma.

"Profesa," Placide alimwambia, "njoo mbele."

Jiwe lina jina lote: Ruphin Kasongo Mwamba, fundi cherehani. Kila mwisho wa mwezi Arlène hulifuta vumbi kwa maji matupu.