Jina Walilompa Laban

Rosebellah alikutana na Laban Ijumaa moja alasiri huko Kandara, Jeddah, ndani ya duka la simu ambamo watu walisukumana kama mbuzi wa mnadani. Madam aliyemfanyia kazi za nyumbani mtaa wa Al-Rawdah alikuwa amempa ruhusa ya saa tatu tu. Abaya yake ilikuwa nyeusi kama za wengine, lakini mtandio ulikuwa wa zambarau.

"Dada, umenikanyaga," sauti ikasema nyuma yake, kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Pole. Mguu gani?"

"Wa kushoto. Kanyaga na wa kulia basi, nao usione wivu."

Alicheka mpaka zamu ikampita. Laban alikuwa dereva, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka.

Walipendana miezi minane, zaidi kwa simu. Kisha Laban akapata kazi Riyadh, ya kuendesha gari la mizigo la mwenye duka mmoja wa Al-Dirah. Aliahidi kurudi Idi wapange harusi. Idi ikaja, yeye hakuja. Alituma ujumbe wa sauti:

"Bellah wangu, haya magunia ya bosi yananitia hofu. Nikimuuliza yana nini, ananiambia yalla, endesha. Nimeomba kuacha kazi, amekatalia pasipoti yangu. Nivumilie, mpenzi."

Rosebellah alijibu kwa hasira: "Usinidanganye. Sema tu umepata mwanamke huko." Akaiblock namba yake.

Wiki tatu baadaye alipigiwa na Titus, mlinzi aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Laban.

"Dada, Laban ameshikwa. Magunia yalikuwa na vidonge vya kulevya. Na si kesi ya madawa peke yake. Wenye mzigo wamewekwa kwenye orodha ya magaidi, kwa hivyo kila aliyewabebea anashtakiwa kama mwenzao."

"Gaidi? Laban anaogopa hata mende!"

"Aliruhusiwa simu moja. Alikupigia wewe, kwa namba yake. Haikuingia."

Rosebellah aliketi sakafuni jikoni, vyombo vikiwa bado na povu.

Titus alimweleza kwamba wakili wa Laban alihitaji ule ujumbe wa sauti, uthibitishe kwamba hakujua alichobeba. "Lakini fikiria, dada. Ukiileta simu, jina lako pia linaingia kwa faili. Marafiki zake wote wamenyamaza."

Madam naye hakuficha. "Ukienda, usirudi hapa. Ikama yako ya kuishi Saudia nitaifuta. Halas."

Alipanda basi la Riyadh asubuhi iliyofuata.

Mbele ya mpelelezi na mkalimani, sauti ya Laban ikajaa chumba, ikiomba kuvumiliwa. Kisha ikafuata sauti ya Rosebellah mwenyewe: *Usinidanganye.* Mkalimani aliitafsiri polepole, bila kumtazama usoni. Rosebellah alitamani ardhi impasukie.

Walimhoji siku nyingi, wakaamua arudishwe Kenya. Akiwa kizuizini akisubiri ndege, wakili alimwombea simu ya dakika tano.

"Bellah, wameniondolea ugaidi."

"Nimesikia."

"Lakini mzigo niliubeba. Imebaki miaka saba. Ukifika nyumbani, olewa."

"Na nani?"

"Na mtu asiye na faili."

"Mimi mwenyewe nina faili sasa, Laban." Walicheka wote wawili. "Siku ile ulinipigia..."

"Hiyo iache, mamaa. Ulikuja."

Simu ikakatika.

Hakwenda kwao kwanza. Alipotua Nairobi alipanda gari la Butere, akauliza nyumba ya kina Laban. Watu walimwelekeza kwa vidole, hakuna aliyekubali kumsindikiza. Alimkuta mama mmoja mwembamba akipepeta maharagwe peke yake. Tangu redio imtangaze Laban kuwa gaidi, hata wenzake wa kanisani walikuwa wameacha kubisha hodi.

"Mama, naitwa Rosebellah. Nimetoka kwa Laban. Mahakama imesema mwanao si gaidi."

Ungo ukamponyoka, maharagwe yakatapakaa uani. Mama akamshika mikono, akamvuta mpaka kwenye uzio, upande wa majirani.

"Sema tena, mwanangu," akamwambia. "Sema kwa sauti."